Mwenyekiti, Omena na Mdomo wa Baba Mkwe

Leo uso wangu nimeuacha kwenye banda la nguruwe. Atakayepita huku Ikonge akauona aniokotee, mimi kuurudia siwezi.

Naandika haya nikiwa nimekalia gunia la pumba ndani ya stoo, mlango nimeuegemeza. Gambuti za shambani sijavua. Mama mkwe ameniita jikoni, nimejifanya sisikii. Nimechoka jamani. Sio ule uchovu wa kulala ukaisha. Ni uchovu wa mtu aliyefanya kila kitu ambacho hatakiwi kufanya, akakifanya mbele ya watu, tena akakifanya kwa bidii.

Kwa wasiojua ninakoishi, mimi nimetoka Tabaka. Kwetu ni Wakatoliki, baba yangu anachonga mawe na mikono yake ni myeupe kwa vumbi tangu nimjue. Nikaolewa huku juu kwenye majani chai, kwa Evans, kwa Wasabato. Na sio Wasabato wa jina. Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Ijumaa jua likianza kushuka, hata kuku wetu wanatembea polepole.

Hapa bomani kila kitu kina mwenyewe. Majani chai ni ya Baba. Ndizi ni za Mama. Ng'ombe ni wa Evans, ingawa Evans anafanya kazi ya ofisi Kisii mjini na akikutana na huyo ng'ombe barabarani watapishana kama wageni. Mimi nachuma, nakata, nakama. Cha kwangu mwenyewe, nilichonunua kwa pesa za chama chetu cha akina mama zamu yangu ilipofika, ni kimoja tu. Nguruwe. Anaitwa Mwenyekiti kwa sababu akishalala hakuna wa kumwondoa.

Ndiyo, nguruwe. Kwa mzee wa kanisa. Msiniulize, najua. Hatumli. Vitoto vikikua mnunuzi anakuja na gari lake, anaondoka navyo, nyama yenyewe hatuioni wala hatuinusi. Baba alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba banda likae chini kabisa nyuma ya migomba, upepo usije ukapeleka harufu kanisani. (Kanisa liko mbali hata kwa boda, lakini nikasema sawa Baba.)

Uzao uliopita ulinivunja moyo. Walizaliwa wengi, wazuri, kisha wakaanza kuisha mmoja mmoja. Wananyonya na bado wanalia. Unaenda asubuhi unakuta mwingine amelala ubavu, ameshapoa. Nililia. Mtu mzima, katika boma la Wasabato, nalilia nguruwe. Baba akaja akasimama mbali kidogo, akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma: "Labda hata Mungu hataki hivi vitu hapa." Kisha akasema uzao unaofuata nao ukifa, Mwenyekiti aondoke, na tusizungumze tena.

Sasa daktari wa mifugo, kijana wa Ukambani aliyeletwa huku kwetu hivi karibuni, alipokuja akaniuliza swali moja tu: "Huyu mama alikuwa anakula nini?" Nikamwambia. Marando ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, maji ya kuoshea vyombo. Akatikisa kichwa. Akasema shida haikuwa Mungu, shida ilikuwa sahani. Mama mwenye njaa anatoa maziwa mepesi, na maziwa mepesi yanajaza tumbo la kitoto bila kukishibisha. Akanieleza nianze mapema, mimba ikiwa kubwa, nimwongezee mashudu ya alizeti, mafuta kidogo ya kupikia, chumvi ya madini kutoka duka la agroveti, na omena, vile visamaki vya ziwani, ya kusaga kiasi. Ili hata yale maziwa ya kwanza kabisa, yale mazito ambayo ndiyo kinga ya mtoto, yatoke yakiwa na nguvu.

Nilifuata yote. Isipokuwa hapo kwa "kiasi". Mimi kiasi sikijui. Nilipochumbiwa nilipika ugali ukaliwa kesho yake na majirani. Nikaona kama omena kidogo inasaidia, omena nyingi itasaidia zaidi, si ndivyo? Banda likanukia kama ufuo wa ziwa. Jirani yangu Nyaboke akawa akipita njiani anasema kwa sauti, "Wengine wetu tunalala na mboga za chinsaga, na kuna nguruwe hapa anakula samaki!" (Nyaboke ni rafiki yangu. Ndivyo anavyonisalimia.) Na Mama mkwe, ambaye hajawahi kusema neno lolote kuhusu nguruwe, zuri wala baya, akawa ananiachia uji wa wimbi kwenye sufuria na kusema, "Huu umebaki." Haukuwa umebaki. Nilimwona akiupika.

Mwenyekiti akazaa. Na safari hii, jamani, wote wazima. Wanene, wa waridi, wanalala wamebebana juu ya majani makavu. Mimi nikiwaangalia nasahau mgongo unauma.

Jambo lingine mnapaswa kulijua kuhusu Baba, kabla hatujafika leo. Huyu mzee ana ulimi. Ukimpa ng'ombe majani ya kabichi jana, leo Baba anaonja chai ya maziwa, anaiweka chini polepole, anasema, "Kabichi." Hajawahi kukosea. Kuna siku alisema, "Huyu amekula kitunguu cha mtu," na kweli jirani akaja kudai. Kumbukeni hilo. Mimi nililisahau.

Haya. Leo.

Asubuhi nimechuma majani chai kwenye ukungu mpaka vidole vikafa ganzi. Nimebeba kapu hadi kituoni, nimepanga foleni, nimepimiwa, nimerudi. Nimeosha banda. Nimeosha Mwenyekiti, ambaye alinitazama kama mfanyakazi aliyechelewa. Kwa sababu leo kikundi chetu cha akina mama wafugaji kilikuwa kinakuja kwangu kujifunza. Daktari, ambaye kama wengi huniita kwa jina la mtoto wangu, alikuwa amesema, "Mama Faith, wewe ndiye utafundisha. Mimi nitasimama kando tu." Nikajisikia mtu. Nilijifunza maneno yangu nikichuma chai, nikiyasema kwa sauti kati ya mistari, wachumaji wengine wakidhani nasali.

Akina mama wakaja, wakakaa kwenye mabenchi mbele ya banda. Nikafunga leso mpya. Nikasafisha koo. Nikafungua mdomo.

Baba huyo, anashuka kati ya migomba na kofia yake na fimbo yake.

Nikaufunga.

Lazima niwaeleze hapa, hasa nyinyi wa nje. Kwetu Abagusii kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, na inakaa katikati ya wazazi na watoto wao kama ukuta. Kati ya mke wa mtoto na baba mkwe, huo ukuta una seng'enge juu. Hatupeani mikono. Haingii nyumbani kwangu. Siwezi kuinama nikiwa nimempa mgongo. Na kuna maneno ambayo siwezi kuyatamka akiwa karibu hata kama nyumba inawaka. Mimba. Kuzaa. Kunyonyesha. Na zile sehemu zinazohusika. Siku hizi vijana wengi wamelegeza. Baba yetu hajalegeza hata uzi.

Na somo langu la leo lilikuwa nini? Chakula cha mama mwenye mimba na ubora wa maziwa yake ya kunyonyesha. Mada nzima ni maneno yaliyokatazwa!

Nyaboke aliniita kwa jina langu, akanong'ona, "Mungu wangu, Kemunto. Utasema nini?"

Baba akaletewa kiti. Akakiweka mbele kabisa, mbele ya mabenchi yote. Hakunisemesha mimi. Alimwambia Nyaboke, nikiwa nimesimama hapo hapo: "Nyaboke, mwambie mama Faith aendelee. Nimekuja kuona kwa macho yangu kama hawa wataishi. Leo ndiyo nitasema kama banda linabaki au linabomolewa."

Nyaboke akanigeukia akasema, "Amesema uendelee." (Kama vile mimi ni kiziwi.)

Sasa fikirieni. Kitu pekee katika boma hili kinachoitwa changu, kinategemea niongee vizuri, na siwezi kutaja hata neno moja la kile ninachoongelea. Nikaanza.

"Akina mama, habari za asubuhi. Leo tutazungumzia... huyu hapa. Wakati anapokuwa... anapokuwa na wageni ndani."

Akina mama wakatazamana.

Daktari akanikunjia uso. Ukambani wana heshima zao, lakini yetu hakuwa ameisikia. "Wageni gani, mama Faith?"

"Wale wanaokuja baadaye."

"Ana mimba," daktari akawaeleza watu, kwa sauti ya redio. Nikatazama vidole vyangu. Baba akatazama migomba. Benchi zima la akina mama likatazama chini, mabega yakitikisika.

Nikaendelea. "Sasa akiwa hivyo, unamwongezea mashudu, unamwongezea mafuta kidogo na chumvi ya madini, unamwongezea omena. Ili wageni wakishafika, wakute... wakute meza imeandaliwa."

"Meza gani?"

"Ile ya pale chini."

"Sema wazi mama Faith, watu wajifunze," daktari akasema, mtoto wa watu, akitabasamu kunipa moyo. "Ni chuchu. Nguruwe ana safu mbili za chuchu, na za mbele ndizo hutoa maziwa mengi. Haya rudia. Chuchu."

Sikurudia. Niliangalia mawingu. Nyaboke alikuwa ameziba uso mzima kwa leso na kutoka humo ndani kulikuwa kunatoka sauti kama ya birika.

"Safu ya mbele," nikasema hatimaye kwa sauti ndogo sana. "Wanaokaa safu ya mbele wanapata zaidi."

"Kama kanisani," mama mmoja akasema, na benchi likavunjika kabisa.

Nikawa naongea chini chini, chini chini, mpaka najisikia mwenyewe tu. Na hapo ndipo kosa lilipoanza kujipika. Kwa sababu Baba hasikii vizuri sikio moja, na alikuwa amekuja kusikia. Kwa hiyo kila nikishusha sauti kwa heshima, yeye anavuta kiti mbele kidogo. Nashusha, anavuta. Mwishowe kiti chake kimegusa mbao za banda, amekunja mikono juu ya ubao, kidevu juu ya mikono.

Daktari akasema, "Sawa. Nadharia imetosha. Sasa tuwaonyeshe maziwa yenyewe, waone uzito."

Nguruwe sio ng'ombe. Ng'ombe unakaa kwa kigoda unakama ukiimba. Nguruwe hana akiba ya kukusubiri. Anawaita watoto wake, wanamsugua sugua kwa pua, anaanza kuguna polepole, kisha mguno unaongeza kasi, kasi, kasi, na hapo maziwa yanafunguka kwa muda mfupi sana. Ukipepesa macho, yameisha, rudi baadaye. Kwa hiyo daktari alikuwa amevifungia vitoto kwenye kona kwa muda, maziwa yajae. Akanipa kichupa. Mpango ulikuwa avifungulie, mimi niwe tayari kwa zile za mbele.

Mwenyekiti akajilaza kwa ubavu, tumbo likielekea kwa watu. Mahali pa mkamuaji ni hapo mbele ya tumbo, umepiga magoti, mgongo kwa watu.

Mgongo kwa Baba.

Nimeinama. Nimepiga magoti. Mgongo kwa Baba!

Haiwezekani. Kwetu hilo haliwezekani hata kwa kichaa. Nikasimama pale na kichupa changu nafikiria. Nikajaribu upande, bado. Nikajaribu kona, bado. Mwishowe nikaona njia ya heshima kabisa. Nikazunguka nyuma ya Mwenyekiti, nikapiga magoti mgongoni kwake, uso wangu kwa watu kama mke mwenye adabu, mikono nikaipitisha juu ya tumbo mpaka kule upande wa pili. Leso imenifunika vizuri. Nilijivuna kidogo, nisiwafiche.

Daktari akasema, "Mama Faith, hapo utakuwa unakamua ukielekeza kwa watu."

Nikasema, "Hakuna neno, daktari."

Hakuna neno! Mimi!

Akafungua vitoto. Vikaja mbio, vikasukumana, kila kimoja kikatafuta mahali pake. Kusugua kukaanza. Mwenyekiti akaguna. Guu. Guu. Guu. Nikashika chuchu moja ya mbele kwa mkono wa kulia, kichupa mkono wa kushoto, kitoto chenye mahali hapo nikakisukuma kando na kiwiko, kikapiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Mguno ukaongeza kasi. Guguguguu.

Na hapo, ndugu zangu, nilisahau. Niliyasahau yote. Nilisahau Baba, ensoni, Ikonge, ndoa. Nilichokiona mbele yangu ni vile vitoto vya uzao uliopita vilivyokuwa vimelala ubavu, na maziwa ambayo sasa yalikuwa yanakuja, na muda mfupi wa kuonyesha watu kwamba shida haikuwa Mungu. Kichupa kikaniteleza kwenye majani. Nikapiga kelele ambayo naambiwa ilisikika mpaka kituo cha majani chai:

"Yanakuja! Chuchu! Shikeni chuchu! Sio hiyo, ya mbele! Hii mimba niliilisha mimi! Chupa! Nani ana chupa? Nyonyo zimejaa, leteni chupa!"

Kila neno. Kila neno moja nililokuwa nimelificha asubuhi yote, nililitoa, na mengine ambayo hata daktari hakuwa ameyataja.

Baba aliyasikia. Hata kwa lile sikio. Aliinua kidevu kutoka kwenye mikono yake, macho yakamtoka, na mdomo wake ukafunguka ili anikemee.

Nami nikakamua.

Nilikamua kwa nguvu zote za mtu anayechuma chai tangu alfajiri. Maziwa yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka, mstari mmoja mweupe, umenyooka, ukapita juu ya vitoto, ukapita katikati ya mbao, ukaingia mdomoni kwa mzee wa kanisa.

Haukugusa hata mdomo wa nje. Uliingia ndani.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia. Hata vitoto vilinyamaza (vilikuwa vinanyonya, lakini mimi naona vilielewa). Tuliona koo la Baba likipanda. Tukaliona likishuka.

Na mimi, nikiwa bado nimeshika chuchu, nimelalia nguruwe, leso imekwenda zake, nikasema kitu pekee ambacho kichwa changu kilinipa.

"Baba, umemeza?"

Mungu anisamehe.

Nyaboke alianguka kutoka kwenye benchi. Sitanii, alianguka. Mama mmoja akakimbilia kwenye migomba na tukamsikia huko akilia kwa kicheko. Mimi nilitoka bandani kwa magoti, nikapita nyuma ya stoo, nikaingia ndani, nikaegemeza mlango. Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kupitia ufa wa mbao, na mengine niliyasikia.

Daktari, maskini, akadhani shida ni usafi. "Mzee usiwe na wasiwasi, banda limeoshwa. Hayo maziwa yana mafuta kuliko ya ng'ombe. Ni lishe hasa!" Mama mkwe akashuka na kikombe cha maji. Alimpa Baba, Baba akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema. Mama akamwangalia bila kusema lolote, kama kawaida yake, lakini nikamwona anauma mdomo wa chini.

Baba akakaa. Akavua kofia, akaiweka gotini. Akaanza kusogeza ulimi ndani ya mdomo, taratibu, upande huu, upande ule. Mimi huko stoo moyo umenishuka mpaka kwenye gambuti. Nikajiambia basi. Kesho kutwa mnunuzi atakuja kumchukua Mwenyekiti na vitoto bado vinanyonya. Evans nitamwambia nini? Nikaanza kulia, kimya kimya, kwa hasira ya kujikasirikia. Yaani vyote vimepona, vyote vimenenepa, na ni mimi ndiye nimeharibu.

Baba akaongea. Hakumwangalia mtu.

"Kwanza, mtu asiseme nimekunywa. Sikunywa. Nilipigwa."

"Ndiyo, Tata," akina mama wakajibu wote, wakimwita baba kwa Kigusii.

"Mchungaji akiuliza, mseme hivyo. Alipigwa."

"Ndiyo, Tata."

Ulimi bado unazunguka. Kisha akageukia stoo, sio kwangu, kwa ukuta, akasema, "Nyaboke."

Nyaboke akajikusanya kutoka chini. "Naam, Tata."

"Mwambie mama Faith omena imezidi."

Mimi nikabandika jicho kwenye ufa.

"Apunguze. Ni kama kunywa ziwa zima la samaki. Hata mtoto wa nguruwe ni mtoto." Akavaa kofia. "Alizeti iko sawa. Na kuna wimbi hapo ndani, sijui ilitoka wapi." Mama mkwe akaanza kutazama migomba kwa makini sana. "Lakini maziwa ni mazito. Hilo siwezi kulikataa, Mungu ananiona. Maziwa ni mazito kuliko ya ng'ombe wa Evans."

Akainuka, akashika fimbo yake. Alipofika kwenye migomba ya kwanza akasimama, bado amenipa mgongo.

"Na mwambie hilo banda libaki. Ila mimi sitakuja tena hapa wakati wa kukamua."

Nyaboke akaja mpaka kwenye mlango wa stoo, akaweka mdomo kwenye ufa, akasema huku machozi yakimtiririka, "Kemunto. Amesema..." Akashindwa. Akakaa chini hapo nje. Nami nikakaa chini huku ndani, mlango katikati yetu, mmoja anacheka na mwingine analia, na baada ya muda sikujua tena ni nani anafanya lipi.

Daktari alikusanya vitu vyake akaenda akiwa bado haelewi ametukosea wapi. Alisema nje ya mlango, "Mama Faith, somo lilikuwa zuri, ila sauti ulianza chini mno." Asante, daktari.

Sijavua gambuti bado na Evans ameshapiga simu kutoka Kisii mjini. Habari imefika huko kabla ya chakula cha mchana. Hakunisalimia hata. "Ati Baba amenyonya nguruwe?"

Nikamwambia, "Alipigwa."

Kwa hiyo Mwenyekiti amebaki. Watoto wake wamebaki. Kesho napunguza omena, na sasa najua kiasi, kwa sababu kiasi nimepimiwa na ulimi wa mzee wa kanisa. Naenda jikoni, Mama ameniita tena, na mara hii sauti yake ina kicheko ndani. Sijui nitapitaje mbele ya nyumba ya Baba. Nadhani nitatambaa.

Nanyi mnaosoma hapa, najua hamtaweza kujizuia, basi naomba kitu kimoja tu. Chekeni mkiwa mmefunga mdomo. Baba angefunga wake leo, mimi nisingekuwa stoo.